Sekunde Nne za Sauti ya Baba Yako

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda Kayanga kumuaga bibi yako, mama yangu, na najua hatakuachia mpaka umekula na kufungiwa vya kubeba, kwa hiyo jioni hii nyumba ni yangu peke yangu. Begi lako liko mlangoni. Nimelinyanyua kupima uzito, sikulifungua. Habari za kula na kulala, za kufunga mlango wa chumba cha kupanga, za wanaume wa Mwanza, utakuwa umeshaambiwa na mama zako wadogo hadi umechoka. Mimi sitaziandika. Nina jambo moja tu, ni baya, na nimelichelewesha miaka kumi na sita.

Baba yako hakutukimbia. Yule mwanamke wa Uganda ambaye umemchukia tangu ukiwa darasa la kwanza hayupo wala hakuwahi kuwepo. Nilimtunga asubuhi moja kwa sababu jirani aliuliza baba Kemi yuko wapi, na mimi nilihitaji jibu la haraka. Jibu likakaa. Nikaliongezea nyumba, nikaliongezea watoto wengine, na siku moja ulipoumwa malaria ukawa unamwita, nikakuambia ana watoto wake wengine sasa. Ulikuwa na miaka sita. Uliacha kumwita.

Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa. Nitakueleza kama fundi anavyomweleza fundi, maana kazi unayokwenda kuifanya Mwanza, ya kutengeneza kurasa za mtandao, ndiyo niliyoitumia.

Nilipomaliza kozi ya kompyuta Bukoba nilirudi Omurushaka na kupanga chumba kimoja karibu na maduka ya wanunuzi wa kahawa. Watu walikiita studio. Nilikuwa napiga video za harusi, nachoma sidii, naweka nyimbo kwenye memori kadi. Simu za wakati ule zilikuwa ndogo na tumbo lake dogo. Video ya harusi ya saa tatu ilibidi uikate, uibane, uigeuze kuwa 3GP mpaka sura ya bibi harusi inakuwa kama imejengwa kwa vigae, na bado watu walifurahi kuitazama kiganjani. Nilipenda kazi ile. Nilipenda hasa kubana. Nilijua kwamba MP3 inakuwa ndogo kwa sababu inatupa sehemu za sauti ambazo sikio halitazikosa, na nilijiona mwerevu sana kuwa mtu anayejua sikio la mwenzake litakosa nini na halitakosa nini.

Laurian alikuja na simu yake kuwekewa nyimbo za kwaya. Alikuwa bwana mifugo, kijana wa wafugaji wa Kibingo, mrefu, na shati lake lilikuwa na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliandika majina ya nyimbo kwenye karatasi na kunipa. Nilidhani ananidharau. Nikamwambia, "Huna mdomo?" Akacheka, akajaribu kunijibu, na hapo nikajua. Herufi zilimkwama. K na M na N zilimkamata kama mlango unavyokamata vidole. Lakini alisubiri mpaka akamaliza, hakuona haya, na mimi nikampenda kwa sababu hiyo. Nakuambia nilimpenda, ili usije ukafikiri nilifanya niliyoyafanya kwa mtu nisiyemtaka.

Kwa ng'ombe hakuwa na kigugumizi hata kidogo. Nilimsikia kwa mara ya kwanza tulipokwenda kwao kutambulishwa. Alisimama kwenye majani ya wazi akawaita, Bihogo, Gaju, Siina, kila mmoja kwa jina lake na sifa zake, kwa Kinyambo kirefu kilichotiririka bila kukatika, na wale wanyama wakainua vichwa. Mama yake aliniambia, "Ukitaka kujua anachofikiri, jifiche nyuma ya ng'ombe." Tulicheka wote, naye pia.

Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa dogo na nililifanya kila siku. Nilikuwa nammalizia sentensi. Alikuwa akianza "Ni-ni-ni" mimi nasema "Nipe chai." Alikuwa akianza "Ma-ma" nasema "Maji hayajachotwa, najua." Watu waliniona mke mwema. Mara nyingi nilikuwa nakosea. Alitaka kusema kitu kingine kabisa, lakini kwa kuwa nilikwisha kusema chai, alikunywa chai.

Ukazaliwa wewe. Studio ikakua, nikapata modemu, nikaanzisha ukurasa wangu kwenye mtandao. Nisikudanganye, ulikuwa ukurasa mbaya, una rangi zote na nyota zinazowaka na kuzima, lakini watu wa Karagwe na Kyerwa hawakuwa na mwingine kama huo. Niliweka picha za mnada, nyimbo za kwaya, video za send-off. Chini kabisa palikuwa na kihesabu cha wageni. Kilikuwa hakisogei. Wageni wenyewe walikuwa mimi, nikiufungua asubuhi kuona kama kuna wageni.

Kisha dada yake baba yako, shangazi yako, akaposwa, na siku ya kuwapokea wakwe babu yako alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyepaswa kusimama na kusema ni Laurian. Nilikuwa na kamera. Uwanja ulijaa, pombe ya rubisi imepangwa, wakwe wamekaa upande wa kivuli. Akasimama. Neno la kwanza lilikuwa karibuni, na likamkwama pale pale mwanzoni. Ka-ka-ka-ka-ka-ka. Taya lilikuwa likipanda na kushuka. Macho aliyafumba. Nilisogeza lenzi karibu, kwa sababu mpiga picha akiona uso unaofanya kitu anasogea, mkono wangu ulifanya hivyo kabla sijauamuru. Watoto wawili nyuma wakacheka wakanyamazishwa.

Halafu akapita. Kemi, nataka ujue kwamba alipita. Alipovuka lile neno alisema kwa dakika nyingi, pole pole, akikwama na kuendelea. Aliwaambia wakwe, "Huyu mnayemchukua, baba alipokuwa anaumwa ndiye aliyemgeuza kitandani. Mimi nilikuwa na ng'ombe. Kwa hiyo leo simtoi kama kaka mkubwa. Namtoa kama mtu ambaye dada yake alimfanyia kazi yake." Hakuna aliyecheka hapo. Mama mkwe wa shangazi yako alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilikuwa nayo yote kwenye kanda.

Siku iliyofuata nilikaa studio kuihariri. Kutwa nzima ilinyesha mvua, hakuna mteja. Nikafika kwenye zile sekunde nne alizokwama. Nikazirudia. Nikazirudia tena. Sikuwa nimegombana naye. Wala hakuwa amenikosea. Ingekuwa rahisi kukuandikia kwamba nilikuwa na hasira, na nimejaribu kuikumbuka hasira hiyo kwa miaka mingi, haipo. Nilikuwa nimechoka na kazi za watu wengine na nikaona kitu kinachochekesha.

Nikakata sauti ile, kuanzia Ka ya kwanza mpaka kabla ya "ribuni". Nikachukua picha ya uso wake, nikalitenga taya na uso kwa uangalifu mkubwa, nikafuta kovu lake la shavuni ili nijiambie kwamba si yeye. Nikaviweka kwenye Flash, programu ya kuzipa picha mwendo na sauti. Siku zile Flash ndiyo iliyokuwa inaufanya ukurasa uishi. Bila hiyo ukurasa ulikuwa gazeti tu. Nikaandika amri fupi: mtu akibonyeza, taya lifunguke na sauti itoke, akibonyeza haraka haraka, taya lipige haraka haraka, akiacha kidole, liendelee lenyewe mara tatu halafu likome mdomo ukiwa wazi. Juu ya kitufe nikaandika: MSAIDIE AKARIBISHE WAGENI. Ujanja wa mchezo ulikuwa kwamba hata ubonyeze vipi, wageni hawakaribishwi.

Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Sauti na taya vilikwenda pamoja bila kupishana hata nukta. Nilikaa nikaibonyeza nikacheka peke yangu, na mvua inanyesha, na wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka chini ya meza.

Kwa kuwa simu nyingi hazikuweza kufungua Flash, nikatengeneza na GIF ya taya, ndogo, ya rangi chache, inayojirudia bila kukoma. Na MP3 ya sauti kwa wanaotaka mlio wa simu. Na 3GP. Nilifikiria watu wote na simu zao zote. Sikumfikiria yeye.

Ile kanda nzima, yenye maneno kuhusu dada yake, nilirekodi juu yake harusi nyingine wiki iliyofuata. Kanda zilikuwa adimu.

Kihesabu kikasogea. Kwanza mamia, halafu sikuangalia tena idadi, nilikuwa nakifungua tu kukiona kinakimbia. Wauza memori kadi wakaichukua. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nasikia sauti ya mume wangu ikitoka kwenye mifuko ya watu sokoni. Waendesha bodaboda walikuwa wakiitoa kwa midomo yao pikipiki zinapokataa kuwaka. Watu waliomjua walijua. Wengine waliniuliza, "Si baba Kemi huyo?" Nami nikasema, "Wamefanana sauti."

Yeye hakuitumia simu yake ila kwa nyimbo za kwaya, na kwa muda fulani watu walimwonea huruma wakazima alipopita. Sauti ikamfikia mnadani Murongo. Alikuwa amezuia ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja wasivuke mpaka wa Uganda kwa sababu hawakuwa wamechanjwa, na ilikuwa lazima aeleze. Alipofungua mdomo, mmoja akainua simu juu, ikamtangulia. Ka-ka-ka-ka. Kisha mwingine. Haya aliniambia mtu aliyekuwepo. Yeye hakuniambia kamwe. Walikuwa wengi wameinua simu, anasema, na bwana mifugo alisimama katikati akigeuka huku na huku kama anatafuta ni wapi amesimama yeye mwenyewe. Ng'ombe wakavushwa.

Alipanda gari akaja moja kwa moja studio. Ilikuwa saa nane mchana. Mimi nilikuwa nje nazungumza na mteja. Wewe ulikuwa juu ya kile kiti changu kirefu, mbele ya kompyuta, na kipanya mkononi. Nilikuwa nimekufundisha mwenyewe, kwa sababu ulikuwa unalia nikifanya kazi, na kitufe kile kilikunyamazisha.

Nataka niseme hili kwa uwazi ili usije ukaambiwa na mtu mwingine. Aliingia akakukuta unabonyeza. Ulikuwa unacheka mpaka unashika tumbo. Ulipomwona ukapiga kelele kumwita baba kwa Kinyambo, "Tata! Tata, uko humu ndani!"

Akasimama.

"Tazama, ukibonyeza anasema. Bonyeza na wewe, tata."

Akainama, akaweka kidole chake juu ya chako, akabonyeza mara moja. Akaitazama mpaka ikaisha na mdomo ukabaki wazi. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akanigeukia.

"N-n-na-na-na..."

"Nani ametengeneza," nikammalizia. "Ni mimi. Ni utani tu, Laurian. Jina lako halimo."

Akatikisa kichwa. Akainua mkono ninyamaze, akaanza upya, ikachukua muda mrefu sana. Alichotaka kuuliza ni hiki: "Na huyu umemfundisha?"

Na wewe ulicheka, kwa sababu sauti ya chumbani ilikuwa sawa na ya kwenye mashine, ukadhani anacheza nawe. Ukamwigiza. "U-u-u-mefu," ukasema. Akakutazama akatabasamu. Nimeyaona mengi usoni mwa watu kupitia lenzi, sijaona kingine kama kile. Akakupapasa kichwa, akatoka.

Asubuhi yake hakuwepo. Aliacha kazi ya serikali bila hata kuandika barua.

Ulikuwa mtoto. Sikuandikii hili ujione na hatia, na sikuandikii pia ili nikufariji. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu kwa miaka kumi na sita nimekuona ukisema "Baba alituacha" kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na kila mara nimeinamisha kichwa kama mjane.

Kuna jambo baya kuliko hilo.

Baada ya kama mwaka mmoja, mwendesha bodaboda wa Murongo aliniletea bahasha. Ndani kulikuwa na memori kadi, imefungwa kwenye kipande cha karatasi kilichoandikwa: Ya Kemilembe. Niliifungua. Kulikuwa na rekodi moja, ya aina ile simu za zamani zilivyokuwa zinarekodi, AMR, sauti nyembamba kama inatoka kisimani. Alikuwa malishoni. Aliwaita ng'ombe kwanza, mmoja mmoja, na alipokwisha kushika mwendo, bila kusimama, bila kubadilisha sauti, akaliingiza jina lako katikati yao. Kemilembe. Akasema una macho ya mama yake. Akasema amekuona unapanda kiti kirefu bila kuanguka. Akasema atakuwa anakutumia sauti mpaka utakapokuwa mkubwa. Dakika sita nzima, hakukwama hata mara moja. Alikuwa amepata njia ya kusema na wewe.

Niliisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaifomati kadi, nikaijaza nyimbo, nikampa mteja aliyekuwa anasubiri.

Zilikuja nyingine nne. Hizo sikuzisikiliza. Niliogopa utamsikia utamtaka, na ukimtaka utauliza, na ukiuliza nitajulikana. Nilizifomati zote. Baada ya ya tano hazikuja tena.

Studio niliifunga, unajua, nikaenda kwenye stationery. Ukurasa wangu nikaufuta. Nilidhani nimeufuta. Miaka baadaye niliposikia kwamba vivinjari vyote vinaacha kufungua Flash, nilikaa nikafurahi kama mtu aliyesikia adui yake amekufa. Nikasema basi, sasa haitafunguka tena popote. Ujinga wa fundi mzee. Kumbe mtu alikwisha kuirekodi ikawa MP4. Mwingine alikuwa ameitoa sauti akaipandisha kwenye hifadhi ya sauti za bure. Mwingine akaifanya stika. Taya limepotea, uso umepotea, sasa ni mtu yeyote. Lakini zile Ka ni zake, najua mpaka pumzi iliyo kati ya ya nne na ya tano.

Wiki tano zilizopita ulikuja na kompyuta yako ndogo ukaniwekea mapajani. Ulikuwa unanionyesha kazi iliyokupatia ajira. Ukurasa wa hoteli ya kubuni, mlango umechorwa vizuri, na mzee wa katuni amesimama hapo. Uliniambia, "Mama, pitisha kipanya juu yake." Nikapitisha.

Ka-ka-ka-ka-ka-ka. Na mlango ukafunguka.

"Hii sauti iko kila mahali," ulisema. "Watu wakiisikia wanacheka, wanabaki kwenye ukurasa. Wakubwa wa Mwanza walicheka hadi basi. Ilikuwa na kelele za watu nyuma, nimeisafisha."

Kelele ulizosafisha zilikuwa za bibi yako wa Kibingo akimbembeleza mwanawe kwa sauti ya chini, "Taratibu, tata, taratibu." Ndiyo ilikuwa sehemu pekee iliyobaki ya mtu aliyekuwa upande wake.

Ukaniuliza, "Unaionaje?" Nami nikasema, "Nzuri." Na ilikuwa nzuri. Umeipanga sauti na mlango bila kupishana hata nukta. Una mkono wangu. Usilichukue hilo kama pongezi.

Najua utataka kusema kwamba wewe hukujua. Ni kweli hukujua. Lakini nilikuuliza kitu kimoja siku ile, labda hukumbuki. Nilikuuliza, "Ni nani huyo anayesema?" Ukanijibu, "Ni sauti tu, mama." Mimi nilijua ni nani nikafanya. Wewe hukuuliza ukafanya. Sijui tofauti yetu ina urefu gani, na wewe ndiye utakayeishi nayo, si mimi. Kwenye kazi yako utapewa nyuso za watu na sauti zao kila siku, zimekatwa tayari, nyepesi, zinafunguka haraka. Hakuna faili litakalokuambia kilichokuwa kinafuata baada ya pale lilipokatwa.

Baada ya siku ile nilishindwa kukaa. Ulipokwenda Bukoba kuchukua cheti, nilipanda gari la Murongo. Haikunichukua siku kumpata. Hilo nalo ulijue: kwa miaka yote hiyo alikuwa umbali wa gari moja. Anachunga ng'ombe wa watu kwenye majani ya bondeni, kabla hujafika mpakani. Kila mwendesha bodaboda anamjua. Wanamwita Bwana Mifugo bado. Hana mke. Amekonda, nywele nyeupe. Nilipokaribia alikuwa ananipa mgongo, anazungumza na ng'ombe, na nilisimama nikamsikiliza akisema vizuri kama mtangazaji wa redio. Nikasema, "Laurian." Akanyamaza kama mtu aliyezimwa.

Sikupiga magoti. Nilikuwa nimepanga kupiga magoti lakini nilipomwona niliona itakuwa maonyesho mengine. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliyajua ya ukurasa. Ya mwanamke wa Uganda alikuwa ameyasikia. Ya kadi hakuyajua. Alikuwa anaamini zilikufikia. Alidhani ulizisikiliza zote tano ukaamua kunyamaza, na kwa hiyo aliacha kukusumbua. Nilipomwambia kwamba hukusikia hata moja, alikaa chini kwenye nyasi, pole pole, kwa kushikilia fimbo.

Ng'ombe wakasogea mbali. Kisha akaanza. "A-a-a-na-na-na..." Niling'ata ulimi wangu. Alikwama hapo kwa muda ambao sijui niuelezeje. Nilikuwa na majibu kumi mdomoni, anaishi wapi, anasoma nini, ana mchumba, nami nikayazuia yote mpaka akalifikisha swali mwisho.

"Anacheka bado?"

Ndilo tu. Sikujua kama ni swali la mtu anayetamani kusikia au la mtu anayeogopa. Nilimjibu, ndiyo, anacheka sana. Akaitikia kwa kichwa. Akainuka akawafuata ng'ombe, na hakugeuka.

Sikukuomba msamaha katika barua hii, kwa sababu nikikuomba utalazimika kunijibu, na safari yako ni kesho. Hakuniambia umtembelee, wala hakuniambia usimtembelee. Siwezi kukuahidi kwamba akikuona atafurahi. Inawezekana uso wako ndio kitu kimoja asichoweza kukitazama.

Basi la Mwanza linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Magari ya Murongo yanajaza abiria ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Sitakuja kukusindikiza stendi, ili nisijue umepanda lipi.

Ukienda kwake, usimmalizie.

Mama yako